Fomu ya P9: Jinsi ya Kuisoma, Kuikagua na Kuitumia Kujaza Ritani

Ikifika wiki ya mwisho ya Juni, foleni kwenye saiba za mitaa ya Kenya hurefuka. Watu wameshika simu zenye faili ya P9 waliyotumiwa na mwajiri miezi kadhaa nyuma, na wengi hawajawahi kuifungua. Kijana wa saiba anaifungua, ananakili nambari nne au tano, anachapisha risiti, na mteja anaondoka. Mara nyingi mambo huenda sawa. Yasipoenda sawa, mwenye P9 huja kujua baadaye, anapodaiwa ushuru asioelewa ulitoka wapi.

P9 ni kadi ya makato ya ushuru ya mwaka mzima. Ina mistari kumi na miwili, mmoja kwa kila mwezi, na jumla chini yake. Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba fomu hii huandikwa na mwajiri. Ni kauli yake kwamba alikulipa kiasi hiki, akakata kiasi hiki. Mamlaka ya Ushuru (KRA) nayo ina rekodi yake, inayotokana na ritani ya P10 ambayo mwajiri huwasilisha kila mwezi, mwisho ukiwa tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Rekodi hizo mbili zinapaswa kulingana. Hakuna mwenye haja ya kuhakikisha hilo kuliko wewe, kwa sababu pesa zilizokatwa ni zako na ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato unayowasilisha KRA, itakuwa na jina lako.

Mifano yangu yote ni ya mwaka wa mapato wa 2025. Sheria ya ushuru ilibadilika Desemba 27, 2024, na 2025 ndio mwaka wa kwanza ambao mabadiliko hayo yanaonekana kwenye P9 kuanzia Januari hadi Desemba. Ukiwa unajaza ritani ya 2024 uliyochelewesha, usinakili mpangilio huu. Mwaka ule makato kadhaa yalihesabiwa kwa njia nyingine.

Kusanya karatasi kabla ya kukaa chini

Unahitaji P9 yenyewe, peslipu za miezi yote, na PIN yako ya KRA pamoja na nywila ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Kama una bima ya maisha au ya elimu, tafuta cheti cha malipo kutoka kwa kampuni ya bima. Kama una mkopo wa nyumba unayoishi, omba benki ikupe cheti cha riba uliyolipa mwaka huo. Ukibadilisha kazi katikati ya mwaka, unahitaji P9 mbili, moja kutoka kwa kila mwajiri. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kurudi kumwomba karatasi mwajiri uliyeachana naye vibaya si jambo la raha. Mwombe mapema, Januari au Februari, kabla afisa wa mishahara hajazidiwa na maombi ya Juni.

Anza na kichwa cha fomu

Watu huruka sehemu hii. Angalia mwaka, jina lako lilivyoandikwa, na PIN zote mbili. PIN ya mtu binafsi huanza na herufi A na ya kampuni huanza na P. Katikati kuna tarakimu tisa, kisha herufi moja mwishoni. Tarakimu moja ikikosewa kwenye PIN yako, makato yako yanaweza kuwa yamekaa mwaka mzima kwenye akaunti ya mtu mwingine, au hayapo popote. Kosa la aina hii haliwezi kurekebishwa na wewe ndani ya iTax. Lazima mwajiri arekebishe ritani zake za P10.

Upande wa kushoto: ulichopata

Safu A ni mshahara wa msingi. Waajiri wengi huweka hapa pia marupurupu ya pesa taslimu: ya nyumba, ya usafiri, saa za ziada, bonasi. Usishangae ikizidi mshahara ulio kwenye barua yako ya ajira. Jiulize tu kama inalingana na jumla ya pesa zilizo kwenye peslipu kabla ya makato.

Safu B ni manufaa usiyopewa kwa pesa: gari la kampuni unalotumia kwa shughuli zako, umeme au maji unayolipiwa, mlinzi wa nyumbani. Manufaa madogo ambayo jumla yake haizidi shilingi 5,000 kwa mwezi hayatozwi ushuru, na chakula cha kazini kina kikomo chake cha 5,000 kwa mwezi.

Safu C ni thamani ya nyumba unayopewa na mwajiri. Mwalimu wa shule ya bweni anayeishi ndani ya shule au meneja wa shamba la chai anaijua vizuri safu hii. Kwa mfanyakazi wa kawaida hulinganishwa asilimia 15 ya mapato yake na kodi halisi ya nyumba, kisha kinachukuliwa kilicho kikubwa. Kwa wafanyakazi wa mashambani kiwango ni asilimia 10.

Safu D ni jumla ya A, B na C. Ndiyo inayoitwa pato ghafi, na ndiyo utakayoandika kwenye ritani. Si pesa iliyoingia benki. Ukichukua taarifa ya benki na kuandika ulichopokea mkononi, ritani nzima itakuwa na makosa kuanzia mstari wa kwanza.

Katikati: kinachoondolewa kabla ya kutozwa ushuru

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Safu E imegawanywa mara tatu. E1 ni asilimia 30 ya mshahara. E2 ni kiasi ulichochangia kweli kwa ajili ya uzeeni, yaani NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) pamoja na mpango wa pensheni wa kazini kama upo. E3 ni kikomo cha kisheria, ambacho ni shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Kabla ya mabadiliko ya Desemba 2024 kilikuwa 20,000. Kati ya tatu hizo huchukuliwa iliyo ndogo. Mtu wa mshahara wa 60,000 ana E1 ya 18,000, E2 ya 3,600 na E3 ya 30,000, basi kinachohesabiwa ni 3,600. Mtu wa 350,000 anayechangia asilimia 10 kwenye pensheni ya kampuni na 4,320 NSSF amechanga 39,320, lakini atahesabiwa 30,000 tu. NSSF haina kikomo chake pembeni. Iko ndani ya hizo 30,000.

Ukiona NSSF ya Januari 2025 iko chini kuliko ya miezi mingine, usimkimbilie mhasibu. Viwango vya NSSF hupanda kila Februari kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013. Januari 2025 mchango wa juu kabisa ulikuwa 2,160, na kuanzia Februari ukawa 4,320. Safu hiyo ikiwa na nambari ileile miezi yote kumi na miwili kwa mtu anayelipwa zaidi ya 36,000, hapo ndipo pa kuuliza.

Baada ya E, usitegemee herufi. Mpangilio wa fomu ulibadilishwa kuingiza makato mapya, na herufi zikasogea. Anayefuata maelezo ya zamani atasoma safu isiyo yake. Fuata majina ya safu. Utakuta ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya pato ghafi. SHIF, yaani bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mchango wa mfuko wa matibabu baada ya kustaafu, hadi 15,000 kwa mwezi, ambao wengi hawana. Na riba ya mkopo wa nyumba unayoishi, hadi 360,000 kwa mwaka. Zamani ada ya nyumba na bima ya afya zilikupa nafuu ndogo baada ya ushuru kuhesabiwa. Sasa zinaondolewa kwenye pato kabla ya ushuru, na kwa mtu aliye kwenye kiwango cha asilimia 30 hilo lina faida zaidi.

Mwajiri naye hulipa asilimia 1.5 yake ya ada ya nyumba. Hiyo haitoki kwako na haipaswi kuonekana kama kato lako. Ukikuta umekatwa asilimia 3, umelipishwa sehemu ya mwajiri.

Upande wa kulia: ushuru wenyewe

Pato ghafi ukitoa makato hayo unapata pato linalotozwa ushuru. Kwa mwezi, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na kutoka hapo hadi 500,000 asilimia 30. Kati ya 500,000 na 800,000 ni asilimia 32.5, na juu yake 35.

Jibu la hapo si PAYE bado, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Unatoa nafuu ya binafsi, shilingi 2,400 kwa mwezi kwa kila mkazi, yaani 28,800 kwa mwaka. Mwenye bima ya maisha au ya elimu inayokidhi masharti hutoa pia asilimia 15 ya alicholipa, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Kinachobaki ndicho PAYE, safu ya mwisho kulia, na kinapaswa kuwa kilekile kilichokatwa kwenye peslipu ya mwezi huo.

Kwa bima kuna jambo la kuangalia. Tangu Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri atumie nafuu zote unazostahili anapokokotoa PAYE. Kama ulimpa cheti na safu ya nafuu ya bima iko tupu, muulize. Kama hukumpa, bado unaweza kuidai mwenyewe kwenye ritani.

Hesabu moja kamili

Chukua karani wa Nakuru anayelipwa 60,000 kila mwezi, hana manufaa mengine wala pensheni nje ya NSSF.

Januari anakatwa NSSF 2,160, SHIF 1,650 na ada ya nyumba 900. Jumla 4,710. Pato linalotozwa ni 55,290. Ushuru wa viwango vyote vitatu ni 11,370.35, toa 2,400, PAYE inabaki 8,970.35.

Februari hadi Desemba NSSF ni 3,600, kwa hiyo makato ni 6,150 na pato linalotozwa ni 53,850. Ushuru ni 10,938.35, na PAYE baada ya nafuu ni 8,538.35 kila mwezi.

Chini ya P9 yake utasoma: pato ghafi 720,000, NSSF 41,760, SHIF 19,800, ada ya nyumba 10,800, pato linalotozwa 647,640, PAYE 102,892.20. Sasa fanya kama iTax inavyofanya, kwa viwango vya mwaka: 288,000 kwa asilimia 10 ni 28,800, 100,000 kwa asilimia 25 ni 25,000, 259,640 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 77,892. Jumla 131,692. Toa 28,800, unapata 102,892. Tofauti na kilichokatwa ni senti 20. Ritani ya mtu ambaye mshahara wake haukuyumba hutua hivyo, karibu na sufuri kabisa.

Karani huyohuyo akisahau kujaza NSSF, pato lake linapanda kwa 41,760 na mfumo unamwambia anadaiwa shilingi 12,528. Akisahau na SHIF na ada ya nyumba, deni ni 21,708. Hadaiwi chochote. Ameacha visanduku vitupu tu.

Linganisha kabla ya kujaza

Weka peslipu na P9 kando kwa kando. Huna haja ya kupiga hesabu za miezi yote. Chagua Januari, mwezi mmoja wa kawaida, na kila mwezi uliokuwa na jambo: bonasi, likizo bila malipo, nyongeza ya mshahara. Linganisha pato ghafi na PAYE. Mwezi ambao peslipu inaonyesha PAYE na P9 inaonyesha sufuri haupiti bila maelezo.

Kisha ingia iTax, uchague ritani ya mwenye mapato ya ajira pekee, na utazame kilichokwisha kujazwa. Maelezo hayo yanatoka kwenye P10 za mwajiri. Yakilingana na P9 yako, shwari. Yakiwa pungufu, huenda mwajiri alikukata na hakupeleka, au alipeleka kwa PIN isiyo sahihi. Mwandikie kwa barua pepe, si kwa mdomo, ukitaja miezi na viasi. Mwajiri asiyekata au asiyepeleka PAYE hutozwa adhabu ya asilimia 25 ya ushuru huo au shilingi 10,000, iliyo kubwa, kwa hiyo barua yenye maelezo kamili huwa inasomwa. Asipojibu, peleka malalamiko KRA ukiambatisha peslipu.

Ndiyo maana peslipu hazitupwi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 20, inamtaka mwajiri akupe taarifa ya mshahara yenye mchanganuo wa makato, na ndiyo ushahidi wako pesa ilipotoka mfukoni.

Kujaza ritani

Mwenye mshahara peke yake hutumia fomu ya mtandaoni moja kwa moja. Mwenye mapato mengine, kama biashara ndogo, hupakua faili ya Excel. Kodi ya nyumba za kupangisha ina utaratibu wake. Kama unailipia kila mwezi kama ushuru wa mwisho, haiingii hapa. Kwenye Excel, sehemu F ni mapato ya ajira: andika PIN ya mwajiri na pato ghafi kutoka safu D. Sehemu M ni PAYE iliyokatwa. Sehemu T ni hesabu ya mwisho, ambapo unaweka mchango wa pensheni na makato mengine.

Usiwasilishe mpaka pato linalotozwa ushuru kwenye skrini lifanane na lile la P9. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote. Pato hilo likilingana na PAYE ikilingana, jibu la chini haliwezi kukushangaza.

Na mwenye P9 hajazi ritani ya sufuri. Najua inavyofanyika: mtu yuko haraka, ritani ya sufuri inaisha kwa dakika mbili. KRA tayari ina jina lako kwenye P10, na umeiambia kwa maandishi kwamba hukupata chochote.

Hesabu ikikataa

Ukijaza kila kitu sawasawa na bado unadaiwa, sababu kubwa huwa ni waajiri wawili kwa wakati mmoja. Kila mmoja alikuanzisha kwenye asilimia 10 na kila mmoja akakupa nafuu ya 2,400, ilhali unastahili mara moja tu. Mtu mwenye kazi mbili, kila moja ikiwa na pato linalotozwa la 50,000 kwa mwezi mwaka mzima, atakuta deni la takriban shilingi 91,400 ritani inapounganisha P9 zake. Deni hilo ni halali. Dawa yake ni kumwarifu mwajiri wa pili mapema asikupe nafuu, ili maumivu yagawanywe kwa miezi.

Mfumo ukisema umelipa zaidi, pengine mapato yako yalipanda na kushuka. PAYE huhesabiwa kila mwezi kivyake. Mwezi ambao pato lako linalotozwa lilikuwa 15,000, ushuru ulikuwa 1,500 na nafuu 2,400. Shilingi 900 za nafuu hazikutumika. Bonasi ya Desemba nayo ilitozwa kwa kiwango cha juu kana kwamba unalipwa hivyo kila mwezi. Ritani ya mwaka hulainisha yote hayo, na ziada ni yako.

Baada ya kuwasilisha

Pakua risiti ya ritani na uihifadhi pamoja na P9, peslipu na vyeti, angalau miaka mitano. Kama unadai kurudishiwa, kuwasilisha ritani hakutoshi. Unapeleka ombi la kurejeshewa ndani ya iTax, na una miaka mitano tangu ulipolipa. KRA huomba nyaraka, na P9 isiyolingana na P10 ndiyo itakayokwamisha ombi hilo.

Ukigundua kosa baada ya kuwasilisha, rekebisha ritani ileile kwenye iTax, usifungue nyingine. Mwisho wa kuwasilisha ni Juni 30. Ukichelewa, adhabu ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, iliyo kubwa, na deni lisilolipwa huongezewa riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kama tarehe inakaribia na mwajiri wa zamani bado hajatoa P9, usimsubiri: jumlisha peslipu zako, ulinganishe na kilichojazwa na mfumo, uwasilishe, kisha urekebishe fomu itakapopatikana.